Mzee wa Ploti na Swali Lake

Kabla hajakuonyesha chumba, kabla hata hujamaliza kumwamkia, Mzee wa Ploti alikuwa ameshakuuliza kwenu ni wapi. Hakuzungukazunguka kama watu wa ofisini, wale wanaokuuliza jina, kisha "na lile lingine?", kisha wanatikisa kichwa polepole kana kwamba jina lako la pili limewatibu kikohozi. Yeye aliuliza kama trafiki anavyoomba leseni. "Wewe ni wa wapi?" Na ukijitia mjanja ukajibu "Kitengela," alitema ugoro kando na kusema, "Kitengela ni yangu. Nakuuliza yako."

Sijui alizaliwa lini wala ukoo wake ni upi, ingawa najua angekasirika kusikia naanza habari zake bila ukoo. Nilimjua kama mwenye ploti: safu mbili za vyumba vya mabati na mawe vikitazamana, bomba moja katikati, geti moja. Nyuma ya ukuta alikuwa na mbuzi na ng'ombe wachache waliobaki baada ya kuuza ardhi kwa sisi tunaotoka kila pembe ya nchi kuja kuwa karibu na Nairobi bila kulipa kodi ya Nairobi.

Mimi na mke wangu tulifika kwake tukiwa na godoro, mtungi wa gesi na ndoa changa. Mke wangu amesoma kunipita, na hapendi nisahau. Mama yake alikuwa nesi, na aliwafundisha watoto wake kwamba swali hilo haliulizwi, na likiulizwa halijibiwi. Anayetaka kujua kabila lako anataka kujua atakufanyia nini. Kwa hivyo Mzee alipomgeukia na kumwuliza, mke wangu alininyooshea kidole akasema, "Mimi ni wa huyu."

Mzee alicheka mpaka shuka likamteleza begani. Toka siku hiyo akamwita Wa Huyu. Mimi niliyejibu upesi kama mtoto wa shule nikaitwa Vihiga.

Ndivyo alivyotubatiza wote, kila mtu kwa jina la kwao. Jina ulilopewa na wazazi wako lilibaki nje ya geti pamoja na viatu vyenye tope. Kila asubuhi aliingia, rungu kwapani, akatuita mmoja mmoja kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wanyama kutoka ng'ambo ya bonde, akivuta ile silabi ya mwisho. "Vihigaaa! Umelala kama nyoka imemeza mbuzi?" "Mwingiii! Maji imekuja?" "Nyamiraaa! Watoto yako wanafukuza mbuzi yangu tena!" Mtu anayepita nje ya ukuta angedhani humo ndani kuna stendi ya mabasi ambayo mabasi yake hayaondoki.

Mimi ndiye niliyemsikia kuliko wote, maana mimi ndiye ambaye sikuondoka kweli. Mke wangu alipanda gari la Nairobi alfajiri kwenda kwenye ukarani wake, nami nikabaki na kuku wangu wa mayai na cheti changu cha kidato cha nne, ambacho nacho kilikuwa kimelala. Mke wangu aliniita Kufuli. Alisema akinipoteza atajua pa kunitafuta: nitakuwa nimening'inia mlangoni. Sijawahi kufika Kona Baridi, kule upande wa Ngong. Nilipata habari za jina lake na nikaona hizo zinanitosha.

Siku moja nilimchokoza. Nilimkuta zizini nikamwambia, "Mzee, unajua watu wengine hilo swali lako wanaliona tusi?"

 Alimshika ng'ombe mmoja kichwa akanivuta karibu. Sikio la yule ng'ombe lilikuwa limekatwa pembeni, kipande kama jino, na kingine chini yake.

"Hii sikio inasema nini?"

"Inasema iliuma."

"Ero, kijana, wacha mchezo. Inasema huyu ni wa ukoo gani. Kiangazi ikikuja, ng'ombe inaenda mbali, inafika Kimana, inavuka hata kwenda Tanzania. Inapotea. Yule mtu anaiona huko hajui mimi, hajui sura yangu. Lakini anajua sikio. Anarudisha." Akamwachilia ng'ombe. "Wewe ukikufa hapa, Vihiga, nani anajua sikio yako? Mimi. Kwa ploti yangu hakuna mtu atapotea."

Nami, kwa ile tabia yangu ya kutoacha neno la mtu lilale, nikamwambia, "Lakini Mzee, hata mwizi anajua kusoma sikio."

Alinitazama kama anayetafuta mahali pa kunipiga na rungu bila kuniharibu. Kisha akaondoka kwenda kumwaga chumvi ya ng'ombe.

Msidhani ilikuwa maneno tu. Mwingi, aliyekuwa akilinda shule usiku, alikufa kwa homa ya mapafu bila ndugu hata mmoja karibu. Ni Mzee aliyemsindikiza. Alikaa mbele kwenye gari, amejifunga shuka lake jekundu la sherehe, mpaka Mwingi, mahali ambapo hakuwahi kufika na hakuelewa neno hata moja la lugha yao. Alipofika, alisimama mbele ya watu wasiomjua akasema kwa Kiswahili, "Nimeleta mtoto yenu." Walimpa asali. Aliporudi alituonjesha kwa kidole, chumba kwa chumba, kama kasisi, akisema neno moja tu: "Nimerudisha."

Siku hiyo nilimwamini. Mtu kama mimi, asiyekwenda popote, anahitaji kujua kwamba safari ile ya mwisho kuna mtu atampangia. Kwetu, mtoto wa kiume hulala kwao. Ukilala kwingine, watu wanasema bado unatembea.

"Ni vizuri," mke wangu alisema tukiwa ndani. "Lakini si angengoja tufe ndiyo atuulize?"

"Tukifa tutamjibu vipi?"

"Angalau hatutaona haya."

Sasa nisije nikamfanya malaika, maana hata yeye angenicheka. Swali lake lilikuwa na meno, na alijua. Binti yake alipoleta mchumba, kijana mpole mwenye viatu vilivyong'aa kupita kiasi kwa vumbi letu, Mzee aliuliza lile lile alilotuuliza sote. Kijana akajibu. Mzee akamwambia, kwa sauti ile ile ya kuulizia maji, "Chumba ya kukodi iko. Bibi hakuna." Binti alimfuata kijana wake, wakaenda kulima vitunguu Kimana katika shamba la kukodi, na hakurudi. Mtu yule yule aliyesafiri mpaka Mwingi na maiti ya jirani hakufunga safari ya Kimana kumwona mtoto wake aliye hai. Nilipomgusia hayo alisema barabara ni mbaya.

Na ardhi pia. Aliiuza kwa hiari yake, kisha akatulaumu kwa kuinunua. Alipenda kupita kando ya ua jipya la mtu na kuligongagonga kwa rungu. "Hapa mama yangu alinizalia ndugu," alisema, au, "Hapa simba ilikula ndama yetu." Niliwahi kumwuliza yeye kwao ni wapi, kwa utani, nikidhani nimemweza. Alinyoosha kidevu kuelekea kwenye magorofa, maduka na minara ya simu. "Kwetu ni chini ya nyumba zenu," alisema.

Mtu mmoja tu ndani ya ploti hakumjibu.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Lile geti letu alilitengeneza yeye, na mageti ya nusu ya mtaa pia, maana Kitengela ni mji wa watu wanaonunua geti kabla ya kununua mlango. Alituambia jina lake na jina la baba yake, yote mawili ya ubatizo, yasiyokupeleka popote. Siku ya kwanza Mzee alipomwuliza ni wa wapi, alisema, "Mimi ni Mkenya, Mzee."

"Kenya ni kubwa," Mzee akamwambia. "Wewe hujafika bado."

Akawa Bado. "Badooo! Leo umefika?" Mzee aliita kila asubuhi. "Badooo! Wewe ni wa wapi?" Na fundi, akiwa amechutama juu ya vyuma vyake, alijibu bila kuchoka, "Mkenya, Mzee." Alicheka kwa meno, macho yakiwa yametazama chini kwenye kazi.

Sisi wengine tukalifanya mchezo. Tulimchunguza kama daktari. Akila githeri tulisema ni wa Murang'a. Akikanda chapati tulisema huyu ni wa Pwani. Jumapili kwaya ya watu wa kwetu ilipoimba, alilia, nikadai ni wetu. Nyamira, mama aliyechemsha mahindi na kuyauza pale stendi huku akilea watoto bila baba, ndiye pekee aliyetuambia tumwache. "Mtu asiyetaka kusema kwao," alisema, "pengine kwao kunamuuma." Fundi Bado alimtengenezea mlango wa chuma bila kuitisha kitu. Nasi tukalipata hilo nalo la kuchekea.

Halafu ukaja uchaguzi.

Ulikuwa ule mwaka ambao matokeo yalikawia na redio zikapiga nyimbo za dini mchana kutwa, jambo ambalo katika nchi hii maana yake ni kwamba ununue unga. Maduka yalifungwa. Ofisi ya mke wangu ilifungwa. Mzee aliacha ng'ombe wake na mchungaji akaja kukaa kando ya bomba, rungu magotini, geti likiwa limefungwa mbele yake.

Walikuja mchana, jua likiwa kichwani. Ni vijana wa kabila gani sitasema, na msinilazimishe. Tuliwajua kwa sura, wavuta mikokoteni na wapiga debe, na Mzee aliwajua zaidi. Walipokuwa wadogo walimwinamishia vichwa akawagusa utosini, namna Wamaasai wanavyowaamkia watoto, na hata wasio Wamaasai walizoea kuinama. Nilikuwa nyuma ya pazia, mahali pangu pa siku zote. Mke wangu alikuwa amelikamata shati langu kwa nyuma kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani.

Geti liligongwa kwa vyuma. Kisha tukasikia wakituita.

"Vihigaaa! Nyamiraaa! Nyamiraaa, toka nje!"

Waliita kwa sauti ya Mzee. Walivuta silabi ya mwisho kama yeye, maana ndivyo walivyotusikia tukiitwa tangu walipokuwa wakipita nje ya ukuta ule kwenda shule. Hawakuhitaji kuuliza mtu chochote. Walikuwa wametufahamu kwa miaka.

Mkono wa mke wangu ulikaza shati mpaka kifungo kikakatika.

Geti liling'oka upande mmoja. Mzee alikuwa amesimama katikati ya njia, wima, shuka limefungwa vizuri. "Ero," alisema, "hapa hakuna Vihiga. Hakuna Nyamira. Hawa wote ni watoto yangu. Rudini."

Mmoja wao akacheka. Hakucheka kwa dharau; alicheka kama anayekumbushwa kitu na babu yake. "Mzee, acha hizo. Si ni wewe ulitufunza? Kila asubuhi unawaita."

  Walimshika Mzee mabega wakamsogeza pembeni kwa adabu, kama mtu anavyosogeza kiti cha mgeni ili apite. Hakuna aliyempiga. Nafikiri angependelea wampige.

Walikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa Nyamira. Ndani walikuwemo yeye na watoto wake. Nje, mbele ya ule mlango wa chuma alioutengeneza kwa mikono yake, alikuwa amesimama Bado, mikono mitupu ndani ya glavu zake za kazi.

"Na wewe? Wewe ni wa wapi?"

"Mkenya."

Wakacheka. Niliujua ule mcheko. Ulikuwa wetu.

"Tunakuuliza vizuri. Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni Mkenya," alisema tena, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Hawakucheka mara hiyo. Mke wangu alivuta pazia, na yaliyofuata niliyasikia tu. Sitayaandika. Chumba cha Bado, kilichokuwa wazi, walikitia moto, na ndani yake nguo zake, vifaa vyake na kitambulisho chake. Kisha gari la polisi likasikika barabarani na vijana wakatawanyika, na kwangu hawakufika. Mlango wa Nyamira haukufunguka. Fundi alikuwa ameutengeneza vizuri.

Bado alikufa hospitalini Kajiado kabla ya Jumapili.

Barabara zilipotulia Mzee alivaa lile shuka jekundu alilovaa kwenda Mwingi na kuniambia, "Vihiga, twende." Nami Kufuli, ambaye hata sokoni hutumwa kwa kusukumwa, nikaenda. Mochari ilikuwa na foleni. Tulipofika mbele, kijana wa dirishani, aliyechoka mpaka macho yamekuwa mekundu, alimwuliza Mzee bila kuinua uso, "Marehemu ni wa wapi?"

Mzee alilikaza shuka lake begani.

"Mzee, kwao ni wapi? Mnampeleka wapi?"

"Mkenya," alisema Mzee.

Kijana akainua uso. Hakuwa mbaya, alikuwa na watu wengi nyuma yetu. "Kenya ni kubwa, Mzee," alisema.

Mzee alishika ukingo wa dirisha. Niliona vidole vyake, vile vilivyotuonjesha asali, vikitafuta mahali pa kushika kwenye ule ukuta laini. Tuliambiwa tukae kwenye benchi tungoje. Tulingoja siku ile, tukarudi siku nyingine tukangoja tena. Tuliuliza makanisani na kuacha tangazo. Tuliwauliza mafundi wenzake. Kila mtu alikuwa na geti la Bado, hakuna aliyekuwa na kwao.

Mwishowe alikuja mama mmoja mzee, mnene, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Tangazo letu lilimfikia kanisani kwake Nairobi. Aliingia kutazama, akatoka, akaketi kati yetu kwenye benchi.

"Ni wangu," alisema. "Si wa kuzaa. Nilikuwa mlezi kwenye nyumba ya watoto. Aliletwa kwetu kitovu hakijapona, ameokotwa stendi ya mabasi. Jina la kwanza nilimpa mimi. La pili lilikuwa la mpishi wetu."

"Na watu yake?" Mzee aliuliza.

"Hakuna aliyewahi kujua, baba. Wala yeye."

"Hakuambiwa?"

"Aliambiwa akiwa mkubwa. Alijua kwamba hajui."

Mzee aliinamisha kichwa, utosi ukimwelekea yule mama, kama mtoto anayeamkia. Mama hakuijua desturi ile. Aliendelea tu.

"Krismasi alikuwa akija kututengenezea madirisha. Alinisimulia habari za mahali anapoishi. Akasema kuna mzee humwuliza kila siku yeye ni wa wapi. Nikamwambia, si uhame? Akacheka. Akasema, 'Labda siku moja atachoka kuniuliza, anipe kwake.'"

Sijui kama alimjua aliyekuwa akizungumza naye. Sikuthubutu kumtazama Mzee. Nilitazama miguu yake, akala za tairi, vumbi la Kitengela kwenye vidole.

Mzee alimzika Kisaju, kwenye kipande cha mwisho cha ardhi ambacho, mbali na ploti, hakuwa amekiuza. Ndugu zake walikuja juu. Kaburi si shimo tu kwetu sote, tuwe watu wa ng'ombe au wa mahindi. Kaburi ni hati. Kesho mtu atalitumia kortini. "Ukizika mgeni hapa," ndugu yake mkubwa alimwambia mbele yetu, "umempatia shamba."

"Ndiyo," alisema Mzee.

Pasta alipofika mahali pa familia kuzungumza alitazama huku na huku. Nyamira alikuwepo na watoto wake, yule mama mlezi alikuwepo, mke wangu alikuwepo, amevaa viatu vya ofisini vikizama mchangani. Mzee akasogea mbele. Tulijiandaa, maana alikuwa mtu wa hotuba, mtu wa kuzunguka milima saba kabla ya kufika kwenye bomba.

"Nilimwuliza kila asubuhi," alisema. "Na kila asubuhi alinijibu."

Akaokota jiwe, akaliweka juu ya udongo, akarudi nyuma.

Baada ya hapo hakumwuliza mtu tena. Aliingia asubuhi kimya, akatazama mita ya maji, akatoka. Yale majina yalikufa siku moja. Nyamira alihama, na hakuaga kwa jina hilo. Tuliobaki tuligundua kwamba hatujuani majina. Jirani mmoja akaanza kuniita Baba Kuku, nami nikaitika, nifanyeje. Wapangaji wapya walikodi vyumba bila kuulizwa chochote. Mke wangu alisema hatimaye mzee amestaarabika, kisha akasema, "Lakini unajua, jana nilimwambia shikamoo na hakuniita Wa Huyu." Aliingia ndani akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mpangaji mpya wa chumba cha Mwingi alinilalamikia pale bombani. "Huyu mzee ana maringo. Mwaka mzima niko hapa na hajawahi hata kuniuliza mimi ni wa wapi. Mtu akifa hapa si atatupwa tu?"

Nilibeba ndoo yangu nikaingia ndani. Nimeyafikiria miaka mingi tangu hapo, nikiwa na muda wa kufikiria kuliko wengi. Mama mkwe wangu alikuwa na haki: swali lile liliwafundisha wauaji mahali pa kubisha. Mzee naye alikuwa na haki: bila swali lile Mwingi angeoza asijulikane. Nikilishika upande mmoja, upande wa pili unanikata.

Aliiuza ploti baadaye. Mnunuzi aliweka vigae na kamera, na sisi tukahamia mtaa wa pili. Mzee akaenda kuishi Kisaju na mbuzi zake. Sikumwona kwa miaka, nami kwenda kumtembelea mtu ni jambo ninalolipanga sana na kulitenda kidogo.

Kilichonitoa ni simu ya kaka yangu. Shamba la baba kule Vihiga lilikuwa limegawanywa. Ni dogo, mnajua mashamba yetu, ukijinyoosha usingizini mguu unalala kwa jirani. Nikauliza sehemu yangu iko upande gani.  "Hukujenga," alisema. "Huji. Tulidhani wewe ni mtu wa Kitengela." Alisema kwa upole. Nikamwambia ni sawa. Nikakata simu nikakaa na kuku.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyenipa jina la Vihiga, na nilitaka kumwambia.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba ya mabati, amekonda, macho yameingiwa na ukungu. Mbuzi walilala kivulini. Hatua chache kutoka pale lilikuwepo kaburi, na juu yake rundo la mawe limepanda mpaka kiunoni. Kwa Wamaasai, apitaye penye kaburi la mtu wa maana huongeza jiwe. Wapita njia hawakuwa wengi kiasi hicho. Nilielewa ni nani aliyekuwa akiyabeba.

"Supa, Mzee," nilimwamkia kwa Kimaasai.

"Ipa." Hakuuliza ni nani.

Nilimweleza habari za shamba, za kaka yangu, za sehemu isiyokuwepo. Nilijaribu kufanya utani, nikasema sasa hata nyoka aliyemeza mbuzi ana shimo lake. Hakucheka. Upepo ulileta vumbi kutoka barabara ya Namanga, likatupita.

"Mzee," nikasema, "niulize."

Alitikisa kichwa.

"Niulize tu kama zamani. Mimi ni wa wapi."

"Hiyo swali niliwacha," alisema. Akaongeza: "Iliwacha mimi kwanza."

Nilikaa mpaka jua likaanza kuinama.  Niliposimama kuaga nilimwinamishia kichwa, mimi mwenye mvi, naye akanigusa utosini kwa kiganja kilichokauka kama gome. Nilipita kando ya kaburi nikaokota jiwe na kuliweka. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa miiba, mkono kwenye geti, nilipomsikia nyuma yangu akiita, kwa ile sauti ya kuvuka bonde niliyodhani ameizika.

"Badooo!"

Niligeuka. Alikuwa ameketi vilevile, uso umeelekezwa mahali fulani kati yangu na rundo la mawe, na kwa macho yale sikuweza kujua anamwita nani. Aliita tena. Akangoja.

"Naam, Mzee," nikaitika.